Jarida Liko Fungu Gani: Shajara ya Mradi wa Jedwali la Mada

Februari, wiki ya kwanza

Maktaba imetoa baraka zake na kazi imeanza. Tunatengeneza jedwali moja la majarida yote ambamo wahadhiri wa chuo wamechapisha, na mbele ya kila jarida tutaonyesha limewekwa fungu gani la mada katika kila kanzidata inayoliorodhesha. Tunaanza na Web of Science na Scopus, kanzidata zinazorekodi makala ipi inanukuu ipi. DOAJ, ambayo ni orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, Dimensions na OpenAlex zitafuata.

Msukumo umetoka kwenye dawati la huduma za utafiti. Msimu wa maombi ya kupanda cheo ukifika, wahadhiri wanakuja na swali lilelile: jarida langu liko robo ya ngapi? Fomu inataka herufi moja na tarakimu moja, Q1 hadi Q4, basi. Lakini robo ni nafasi ya jarida ndani ya fungu lake la mada, majarida yakipangwa kwa manukuu na kugawanywa mara nne, Q1 ikiwa ya juu kabisa. Mtoto akirudi nyumbani akasema amekuwa wa tatu, mzazi atauliza: darasa gani, na mko wangapi? Kwenye fomu zetu swali hilo halina nafasi, na aliyelipangia jarida darasa hatajwi popote. Nataka jedwali hili liwe na nafasi hiyo.

Tuko watatu: mimi, mwenzangu wa kitengo cha uorodheshaji, na kijana wa mifumo anayeandika programu za kuvuta data.

Februari, wiki ya pili

Kabla ya mada, utambulisho. Ni lazima tuwe na uhakika kwamba tunalinganisha jarida na lilelile, si na jina linalofanana nalo. Kitambulisho cha kutegemewa ni ISSN, namba ya nafasi nane inayoratibiwa na kituo cha kimataifa kilichoko Paris. Nafasi ya nane ni ya ukaguzi. Unachukua tarakimu saba za mwanzo, unazizidisha kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo, unajumlisha, unagawanya kwa 11, kisha baki unaitoa katika 11.

Chukua jarida la Nature, 0028-0836. Jumla inakuja 82. Ukigawanya kwa 11 baki ni 5, na 11 toa 5 ni 6, ndiyo tarakimu ya mwisho. Sasa chukua Kiswahili, jarida la TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 0856-048X. Jumla 144, baki 1, jibu 10. Kumi haienei katika nafasi moja, kwa hiyo huandikwa X, kumi ya Kirumi.

Hapo ndipo orodha nyingi zinapoharibikia. Lahajedwali likidhani ISSN ni namba ya kuhesabia, linafuta sifuri za mbele na Nature inabaki 280836. Mifumo mingine inaikataa X kwa kuwa si tarakimu. Jarida lenye sifuri mbele na X nyuma linaweza kudondoka kwenye orodha na hakuna atakayejua. Majarida ya Tanzania mengi yanaanza na 0856, kwa hiyo hili kwetu si jambo dogo. Kijana wetu ameandika programu inayoisoma safu ya ISSN kama maandishi, inarudisha sifuri zilizopotea na kukagua nafasi ya mwisho. Pia inaunganisha ISSN ya toleo la karatasi na ya toleo la mtandaoni chini ya ile moja ya kuunganishia, ISSN-L.

Kuna na suala la majina kubadilika. Jarida la Kiswahili linajihesabia asili yake katika taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na limepita majina kadhaa kabla ya kufikia hili la sasa. Kwa kanuni za ISSN, jina likibadilika sana jarida linahesabiwa jipya. Kwa mashine hiyo ni milolongo mitatu minne isiyohusiana. Tumeongeza safu ya “jina la awali”.

Machi mwanzoni

Wiki nzima imekwenda kwa Web of Science, na imestahili.

Mfumo huu ulianzia Philadelphia, kwa Eugene Garfield na taasisi yake ya ISI. Faharasa ya manukuu ya sayansi ilianza kutoka miaka ya mwanzo ya 1960, ya sayansi ya jamii ikafuata 1973, ya sanaa na insia 1978. Leo inamilikiwa na Clarivate. Mafungu yake ya mada ni 254. Wahariri wao wenyewe ndio wanaolipangia jarida fungu: wanatazama jina, maudhui, linanukuu majarida gani na linanukuliwa na yapi. Jarida moja linaruhusiwa kukaa katika mafungu zaidi ya moja. Malaria Journal, kwa mfano, lipo katika magonjwa ya kuambukiza, katika parasitolojia na katika tiba ya ukanda wa joto.

Kampuni hiyohiyo ina bidhaa nyingine, Essential Science Indicators, yenye mafungu 22 tu, na huko kila jarida lina fungu moja, halina la pili. Kwa hiyo mtu akisema “kwa mujibu wa Clarivate jarida hili ni la fani fulani,” muulize ni kwa jedwali lipi kati ya hayo mawili. Kwetu yamekuwa safu mbili.

Mwenzangu wa uorodheshaji alikuwa akisoma majina ya mafungu kwa sauti ili niyaandike. Akafika kwenye fasihi. Fasihi ya Marekani, fungu lake. Fasihi ya Visiwa vya Uingereza, fungu lake. Fasihi ya Kislavoni, fungu lake. Kisha akasoma: “Fasihi ya Afrika, Australia na Kanada.” Akanyamaza, akarudia. Ndivyo lilivyo. Bara zima limewekwa chumba kimoja na nchi mbili zilizo mbali nalo kwa kila hali. Naona kinachoviunganisha ni kwamba vyote vilitazamwa kutoka mahali pamoja, kama maandishi ya makoloni ya zamani ya Uingereza. Mhakiki wa tenzi za Lamu na mhakiki wa riwaya ya Toronto wanahesabiwa jirani. Masomo ya Asia nayo yana fungu lake lenye jina lake. Masomo ya Afrika hayana. Yamo ndani ya fungu la jumla la masomo ya maeneo.

Nimeiandika hii kwa urefu kwa sababu ina matokeo. Kuanzia mwaka 2023 Clarivate inatoa kipimo cha athari, yaani wastani wa manukuu kwa makala za karibuni za jarida, kwa majarida ya sanaa na insia pia, lakini nafasi na robo kwa kipimo hicho hutolewa katika mafungu 229 tu ya sayansi na sayansi ya jamii. Mafungu 25 ya sanaa na insia hayapewi. Fasihi ya Afrika imo katika hayo 25. Mhadhiri wa fasihi ya Kiswahili anayedaiwa robo ya kipimo cha athari anadaiwa kitu ambacho mwenye kipimo hakitengenezi.

Machi, wiki ya tatu

Daktari mmoja wa idara ya fasihi alikuja ofisini na fomu mkononi.

“Dada, kamati inataka robo. Niandike nini?”

“Shikamoo Mwalimu. Jarida lako liko fungu la insia peke yake. Kwa kipimo cha athari halina robo.”

“Marahaba. Sasa nikiacha wazi watasema halina hadhi.”

“Usiache wazi. Andika kwamba fungu hili halipangwi kwa kipimo hicho, na chini yake weka kile kinachopangwa.”

Kinachopangwa ni kipimo kingine cha Clarivate kilichoingia mwaka 2021, kinachogawa manukuu ya makala kwa wastani wa fani yake, aina yake na mwaka wake, kiasi kwamba 1 maana yake ni wastani wa dunia. Hicho kinatolewa kwa mafungu yote, ya insia yakiwamo. Tumekubaliana nitamwandikia maelezo ya aya moja aambatanishe. Maelezo hayo sasa ni sehemu ya mradi. Tutayaweka kwenye jedwali kama safu ya “namna ya kuandika kwenye fomu”, maana jedwali lisilomsaidia mtu kujaza fomu litabaki pambo.

Isimu nayo ina mtego wake. Web of Science ina mafungu mawili ya isimu, moja upande wa sayansi ya jamii na jingine upande wa insia. Lililo la kwanza lina robo, la pili halina. Wanaisimu wawili wa korido moja, kazi zinafanana, mmoja anaijaza fomu na mwingine hawezi.

Machi mwishoni

Scopus. Hii ni ya Elsevier, ilianza mwaka 2004. Inatumia misimbo ya tarakimu nne. Mbili za mwanzo zinataja fani kuu, na fani kuu ni 27. Mbili za mwisho zinataja tawi, na matawi yote yanazidi 300. Ukiona 12 mbele, ni sanaa na insia. 33 ni sayansi ya jamii, 27 ni tiba, 24 ni kingamwili na mikrobiolojia. Zikimalizikia 00 maana yake ni ya jumla katika fani hiyo, na 01 ni mseto, yaani vilivyokosa mahali. Msimbo 1000 ni wa majarida ya fani zote, kama Nature.

Tawi la isimu lipo mara mbili: 1203 chini ya insia na 3310 chini ya sayansi ya jamii. Akiolojia vilevile, 1204 na 3302. Si kasoro ya uchapaji. Waliojenga mfumo wameona fani hizo zina miguu pande zote mbili. Ila robo zinahesabiwa kwa kila tawi kivyake. SCImago, kundi la Hispania linalotumia data za Scopus, hulipatia jarida robo katika kila tawi lililomo. Chukua jarida la kubuni: likiwa la 20 kati ya 100 katika tawi moja, ni robo ya kwanza. Likiwa la 60 kati ya 200 katika tawi la pili, ni robo ya pili. Makala hazikubadilika, wahariri ni walewale, na alama ni ileile. Kilichobadilika ni jirani.

Kwa hiyo tumeamua jambo moja leo na nimeliandika kwa wino mweusi kwenye ubao: jedwali letu halitakuwa na safu ya “robo” iliyosimama peke yake. Kila robo itafuatana na tawi, idadi ya majarida katika tawi hilo, na mwaka. Kijana wa mifumo alilalamika kwamba jedwali litakuwa pana mno kwa skrini ya simu. Ni kweli. Atalitengenezea mwonekano wa simu wa kufungua jarida moja moja.

Upangaji huu una wakaguzi wake pia. Mwaka 2016 Qi Wang na Ludo Waltman walichapisha uchunguzi wa mifumo hii miwili. Waliuliza maswali mawili mepesi kuelewa: je, kuna jarida lililowekwa fungu ambalo halihusiani nalo kwa manukuu? Na je, kuna jarida lenye uhusiano mkubwa na fungu ambalo halikuwekwa humo? Walikuta Web of Science inafanya vizuri kuliko Scopus kwa kiasi kikubwa, na kwamba Scopus ina mkono mlegevu: inaliweka jarida kwenye mafungu ambayo halina uhusiano nayo wa kutosha. Nimewapa wenzangu muhtasari. Tukiona jarida la Scopus lina misimbo mitano, tunaichukua yote lakini hatuiamini yote kwa uzito mmoja.

Aprili mwanzoni

DOAJ imekwisha upesi. Ilianzishwa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, na inatumia uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao mwenzangu wa uorodheshaji anaujua kichwani. Kwenye rafu za vitabu Kiswahili ni PL8701 hadi PL8704, mahali mahususi kabisa. Lakini DOAJ haishuki hadi huko. Inaishia kwenye PL, ambayo ni lugha na fasihi za Asia Mashariki, Afrika na Oseania. Jarida la Kiswahili linajikuta na Kichina na Kihawaii.

Aprili, wiki ya pili

Dimensions imenivutia zaidi kuliko nilivyotarajia. Ilianza mwaka 2018, na haiainishi jarida. Inaainisha makala yenyewe, kwa mashine, ikitumia mafungu ya utafiti ya Australia na New Zealand. Faida yake inaonekana mara moja kwa majarida ya fani zote. PLOS ONE lina makala za mbu na makala za benki. Ukiliainisha jarida, zote ni “fani mbalimbali”. Ukiainisha makala, ya mbu inakwenda kwa ya mbu.

Jambo la kuzingatia katika mafungu hayo: walipoyafanyia marekebisho ya mwaka 2020, waliongeza tarafa nzima, namba 45, ya masomo ya watu wa asili, Waaborijini na watu wa Visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, Wamaori na watu wa Pasifiki. Kabla ya hapo masomo hayo yalikuwa yametawanyika chini ya fani nyingine. Sasa yanahesabika, yana takwimu zake, mfadhili anaweza kuuliza na kujibiwa. Naliweka hapa kwa sababu tunapozungumza na wakuu wa idara huwa wanaona mafungu haya kama mvua, yanashuka tu. Hayashuki. Kuna watu waliokaa kikao wakayaandika, na kuna waliodai yaandikwe upya wakasikilizwa.

Aprili mwishoni

OpenAlex. Ilifunguliwa Januari 2022, data zake ni za bure, na jina lake linatokana na maktaba ya kale ya Aleksandria. Kwa chuo kisicho na bajeti ya usajili mkubwa hii ndiyo nguzo ya mradi. Inaainisha makala katika mada zaidi ya 4,500, zilizojengwa pamoja na CWTS, kituo cha tafiti za sayansi cha Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Mada hizo zimepangwa chini ya matawi, fani 26 na nyanja kuu 4, kwa majina yaliyokopwa kutoka misimbo ya Scopus. Hivyo hata aliyekwenda kwa mlango wa bure anakutana na fanicha ileile.

Msingi wa mada hizo ni manukuu: makala zinazonukuliana zinakusanywa pamoja, kisha kundi linapewa jina. Makala mpya inapangwa kwa kutazama kichwa chake, ikisiri, jina la jarida na marejeo yake. Sasa fikiria makala ya Kiswahili kuhusu ngeli, iliyochapishwa kwenye jarida lisilopeleka ikisiri wala marejeo kwenye mifumo ya DOI, namba ya kudumu ya makala mtandaoni. Mashine inabaki na kichwa cha maneno kumi na jina la jarida. Hapo ndipo lebo za ajabu zinapotokea. Tumesoma sampuli ya makala za wahadhiri wetu mstari kwa mstari, mimi na mwenzangu kila mmoja kivyake, kabla ya kulinganisha. Zilizo na ikisiri na marejeo kamili zimewekwa mahali pake kwa kiasi cha kuridhisha. Zilizokuja na kichwa tupu ndizo zilizotawanyika, na nyingi ya hizo ni za Kiswahili.

Hili limenigusa kuliko yote. Mtu ameandika kwa lugha yake, kwa wasomaji wake, kazi safi, halafu kwenye takwimu za dunia anahesabiwa fani ambayo hakuigusa, au hahesabiwi. Dawa yake haiko Leiden. Iko kwa mhariri wa jarida na kwa maktaba inayomsaidia.

Mei

Toleo la kwanza la jedwali liko kwenye seva ya maktaba, limefunguliwa kwa wahadhiri wote. Kila jarida lina ISSN zake, majina ya awali, mafungu yake yote katika kila kanzidata bila kuchagua moja, robo ikiwa na tawi na mwaka, na maelezo ya fomu. Pale ambapo fungu halina robo, tumeandika hivyo kwa maneno kamili.

Kamati ya vyeo imeomba kikao. Tutakwenda na mifano mitatu: jarida la isimu lenye robo mbili tofauti, jarida la fasihi lisilo na robo, na makala ya malaria iliyochapishwa kwenye jarida la fani zote. Hatuwaombi washushe viwango. Tunaomba fomu iongezwe safu mbili, ya fungu na ya mwaka.

Upande wa majarida yetu ya ndani, tumeanza kuwaandikia wahariri mmoja mmoja. Barua inaomba mambo manne: tamko la malengo ya jarida linalotaja fani kwa majina yanayoeleweka na waainishaji, ikisiri kwa Kiswahili na kwa Kiingereza katika kila makala, DOI, na marejeo yapelekwe pamoja na DOI hizo badala ya kubaki ndani ya PDF. Mhariri mmoja amejibu tayari, anauliza kama tunaweza kumsaidia kupandisha marejeo ya matoleo ya nyuma. Tunaweza. Kijana wa mifumo ameanza na toleo la karibuni, anarudi nyuma, na mwenzangu wa uorodheshaji anakagua kila rejeo kabla halijapelekwa. Baada ya data mpya kuingia OpenAlex tutaisoma tena sampuli ileile ya Aprili na kuandika hapa zipi zimehama fungu.